Tundu Uliloliacha

Assalamu alaykum, Abti, wewe na majirani zako wa huko makaburini. Najua barua si kitu chako. Hukuwahi kusoma hata kalenda ya dukani; ulikuwa ukitazama rangi ya mto tu na kujua mvua imenyesha wapi. Lakini mimi mwana wa dada yako nina neno ambalo sikukuambia ukiwa hai.

Mfereji wetu umewekewa simiti. Wote, toka kwenye pampu mpaka shamba la mwisho. Na nikisema kweli, unapendeza. Maji yanakimbia kama yameitwa. Wale wa mwisho, ambao migomba yao ilikuwa ikikauka huku sisi wa mwanzo tukikanyaga tope, sasa wanakata ndizi. Ofisa mmoja alikuja, akaupiga mfereji picha nyingi kuliko alizotupiga sisi, akasema tumeokoa maji. Tukapiga makofi. Halafu tukafyeka kichaka, na yale maji tuliyookoa tukayanywesha matikiti mapya. Pampu inanguruma saa zilezile. Mto haukurudishiwa hata kikombe, na watu wa chini kuelekea Bura wanauliza aliyeokolewa ni nani.

Ulipokuwa mlinzi wake, mfereji ulikuwa wa udongo. Kila asubuhi ulipita na jembe ukiziba. Tundu lililomwaga maji barabarani, uliziba. Lililofuga mbu nyuma ya madrasa, uliziba. Moja tu, pale kwenye mgunga uliopinda, ulilipita kila siku ukilitazama kama mtu anayemsalimia jirani. Nilikuuliza. Ukasema, "Wacha hiyo, Abdi. Iko na kazi." Nikakuhubiria niliyosikia redioni, kwamba kila tone ni uhai. Ukanijibu, "Redio haijawahi kuteka maji."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Nilimwambia mzee amechoka, kuna mahali panavuja na hapaoni. Ni mimi, Abti. Wakakupumzisha, na kazi wakanipa mimi. Hukuuliza nani alisema. Ulinipa jembe lako mkononi, ukanionyesha mpini unapolegea, ukaenda kuswali.

Basi kiangazi hiki kisima cha mkeo Mama Deqa kimekufa. Aliunga kamba mara ya kwanza, akaunga tena, mara ya tatu ndoo ikapanda na tope. Lile bonde la nyasi mbele ya boma, ambako hata wafugaji wa mbali walikuwa wakileta ndama wakati kwingine kote ni vumbi, limepasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Sasa Mama Deqa anateka mtoni, kwa magoti yale unayoyajua, palepale mamba alipomchukua mbuzi wa jirani. Nikimwambia asubiri nimletee, ananiambia, "Mamba ananijua, ni wewe hakujui."

Nilikwenda kwenye ule mgunga, ambako simiti ilikuwa imeziba tundu lako, nikachimba nje yake. Nikakuta mawe. Abti, hapa kwetu hakuna mawe. Ya karibu zaidi yapo kwenye laga, lile korongo la mto mkavu, mwendo wa kutoka adhuhuri hadi alasiri, na punda hukuwa naye. Ulikuwa umeyapanga kama meno, maji yatoke polepole bila kula ukingo, yazame ardhini yakielekea kisimani na bondeni. Nilikaa chini pale. Tundu nililokushtakia ndilo kazi safi kuliko zote katika mfereji ule, simiti ikiwemo. Uliziba yote yaliyopoteza maji, ukaacha lililoyafikisha. Mimi niliyejisomesha mwenyewe mambo yote haya ya maji nilikuwa nimeona maji yanavuja tu, sikuuliza yanakwenda kwa nani.

Nikawaambia kamati. Mwenyekiti akasema, "Yaani ulileta maneno tuzibe, sasa unaleta maneno tutoboe?" Walicheka sana, na walikuwa na haki. Mwisho wamekubali bomba dogo pale mgungani, kwa sharti maji yatoke kwenye zamu yangu. Matikiti yangu yatakuwa madogo mwaka huu. Kama kisima kitarudi, sijui. Ardhi ikikauka hivyo hunywa kwanza yenyewe.

Nitayatunza mawe yako, hilo nakuahidi, na bonde nitalitembelea kila asubuhi kabla ya mfereji. Mungu akunyweshe huko kwa kadiri ulivyonywesha hapa.

Bomba tunalifungua kesho. Mama Deqa amesikia, na tangu jana ananiombea dua kwa jina langu na la mama yangu, mbele za watu. Hajui nani alikushtaki. Nitapita kwake alfajiri, kabla sijagusa koki, nimwambie. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Maji yatafunguliwa vilevile.

Kwaheri, Abti.
Abdi wako