Hirizi Uliyoifunga Mikokoni

Kaka Athumani,

Sikuulizi hali. Wanaorudi kutoka Uarabuni wasema u mzima na umenenepa, basi hilo latosha.

Ikumbuke siku uliyonikuta barazani nimejiinamia. Watafiti wa wanyama walikuwa wameniajiri nitunze kamera zao kwenye mikoko ya Tudor, zile zinazopiga picha zenyewe kanu, yule mnyama wa madoa mfano wa paka, au nguchiro akipita. Ya kwanza iliibwa. Ya pili ilipondwa jiwe. Ya tatu niliitia mnyororo, mnyororo ukakatwa.

Ukaweka chini kubadhi la ngozi ulilokuwa ukishona. "Mnyororo hukatwa," ukasema, "hofu haikatwi." Ukashona hirizi kubwa ya ngozi, ndani ukatia karatasi tupu, kwani hukutaka kuyachezea maneno ya Mungu. Tukaenda sote kuifunga juu ya kamera ya nne, wewe ukitembea polepole kama mganga, mimi nimejiuma mdomo nisicheke. Nalikupenda sana siku ile.

Na ilifaa. Wakata kuni wakawa wapita mbali. Hata mlinzi wetu, Mzee Mwero, aliyekuwa akivuka Feri kila alfajiri kuja kazini, aliitolea salamu kwanza.

Kisha kamera ikaondoka, na filamu ndani, picha za kanu na wanawe ambazo tulikuwa hatujazisafisha. Hirizi haikukatwa, Athumani. Ilifunguliwa fundo kwa fundo, ikatundikwa tawini. Mtaa mzima uliiogopa isipokuwa sisi wawili tuliojua karatasi ni tupu, na mimi nilikuwa ofisini Ganjoni. Wiki ile ile ukaaga, eti umepata safari.

Huna haya wewe? Mzee Mwero ndiye aliyedhaniwa mwizi akafukuzwa. Alinigeukia mbele ya wakubwa: "Mwanangu, waambie. Wewe wanijua." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshamwambia mama kuwa ni wewe, naye kanishika mkono: "Nduguyo ni nduguyo."

Sasa mzee auza mihogo upande wa Likoni, na wapita njia humwita mwizi wa kamera. Juzi posa ya binti yake imevunjwa. Watu wa upande wa mume wamesema hawaoi kwa mwizi.

Kesho navuka. Nitalitaja jina lako mbele ya majirani zake wote, kisha nitalitaja langu. Mama hasemi nami tangu asubuhi, na asiseme.

Usinijibu. Ukiwa na neno, mwandikie Mzee Mwero.

Ni mimi,
nduguyo wa tumbo moja