Kamba Ambayo Sikuishika

Zakaria, ndugu yangu,

Naandika kwa hasira, nawe hutashangaa. Ulizoea kusema kwamba mimi hata salamu naitoa kama mtu anayejibu mashtaka.

Juzi tuliganduka. Mkeo aligawa pombe ya ndizi, matanga yako yakaondolewa. Kwenu Burundi na huku kwetu Buha maana yake ni moja: sasa chombo cha marehemu kinaweza kushikwa. Kabla ya hapo jembe lako lilibaki limesimama shambani Titye pale pale ulipoliacha, nyasi zikaufunika mpini.

Lakini jembe halijiendeshi. Mashine yako ya ziwani haikujua kwamba tunaomboleza.

Nilikuchapa sana kwa maneno kwa ajili ya mashine ile. Pipa tupu linaloelea, gogo refu, mnyororo na gurudumu la baiskeli, dinamo, balbu moja ndani ya kibanda cha nyasi. Dizeli imeadimika, mashine ya kusaga imenyamaza, halafu wewe, fundi baiskeli, mkimbizi, mtu wa milimani usiyejua kuogelea, unasema tutavuna mawimbi ya Tanganyika! Nikaandika kwenye ubao wa matangazo hapa Kasulu, kwa herufi kubwa, kwamba upepo ukikata taa itazima, na kwamba mkulima hahitaji mazingaombwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wewe ulisoma hadi nukta ya mwisho. "Sha, Mwalimu, umeandika vizuri. Ila ziwa hujawahi kulitazama. Wimbi linaweza kufika hapa, upepo wake ukabaki Kongo." Kisha ukaniomba: "Jumamosi njoo unishikie kamba ya pipa, niikaze."

Nikakujibu kwamba mimi si mtumwa wa pipa.

Ulikwenda peke yako. Wavuvi ndio waliokuopoa.

Wiki chache baadaye walihamisha mitumbwi yao, wakatutumia ujumbe kwa dereva wa lori la chumvi: "Njooni mumchukue mtu wenu. Bado anafanya kazi."

Hatukwenda. Mkeo alikataa kitu chako kiguswe kabla ya siku yake. Miezi yote ile, Zakaria... hakuna aliyetia hata tone la grisi.

Jana tulishuka, mimi na yeye. Saa nane mchana, jua kali, hakuna jani lililotikisika. Ziwa lilikuwa limelala kama maziwa kwenye bakuli. Na pipa lilikuwa likipanda na kushuka. Ndani ya kibanda balbu iling'aa, ikafifia, ikang'aa. Niliyakumbuka maneno yako ya upepo wa Kongo, nikayang'ang'ania kwa mikono miwili. Lakini nilisikiliza mnyororo. Mlio mrefu, mlio mfupi, kimya. Mrefu, mfupi, kimya. Hivyo ndivyo ulivyotembea tangu ulipovunjika mguu. Mkeo naye alisikia. Alikaa chini mchangani.

Wavuvi walikuja na mashoka mawili. Mkubwa wao akasema, "Mama, turuhusu tulivunje. Watoto wetu hawalali." Mkeo alininyooshea mimi kidole: "Huyu aliwachekesha watu wote. Leo aseme yeye. Akisema livunjwe, vunjeni."

Nimebishana na makatibu, na mapadri, na maofisa wenye magari. Jana sikubishana. Niliwaambia ukweli: kwamba uliniomba nishike kamba, nikakataa; kwamba kilichokuua si uchawi, ni kiburi changu; kwamba taa inawaka bila dizeli na mwongo ni mimi. Mashoka yakashushwa. "Basi kaikaze wewe," akasema yule mkubwa, "maana imelegea."

Niliingia majini mpaka kifuani. Nilifunga fundo kwenye gogo, na kamba ikavutwa kutoka ufukweni, ikakaza vizuri, ikanisubiri nifunge fundo la pili. Nikapaza sauti, "Asante, mzee, inatosha!" Ikalegea.

Nilipogeuka, wavuvi wote walikuwa wamekaa mbali, karibu na mkeo. Mikono yao mitupu. Walikuwa wakiitazama kamba, hawakunitazama mimi.

Siamini mizimu. Nimesoma vitabu vingi mno kuamini mizimu. Nakueleza tu nilichokiona, na leo viganja vyangu bado ni baridi.

Kesho nitaandika kwenye ubao ule ule, kwa herufi zile zile, jina langu chini: nilikosea. Na kila mwezi nitashuka kukaza kamba, nikiwa na mtu hai wa kunishikia, hata ikibidi nimbembeleze.

Kwaheri, Zakaria. Toka majini, ndugu yangu. Nimeshafika.