Nyama Chini ya Godoro

4 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Mama naye yu hali gani? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Huku hotelini tunafua mashuka tangu alfajiri.

Nimekutana na yule jirani yenu anayeuza vitambaa, alikuja huku kuchukua mzigo. Nilipomuuliza habari za Mama akaanza kuangalia viatu vyake. "Mama yako amekonda, mwanangu. Gauni linamning'inia kama limeanikwa kwenye kamba."

Mbona barua zako zote zinasema Mama hajambo? Anakula nini? Saa ngapi? Nijibu upesi.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, sijui wewe na wasiwasi wako. Mama anakula tunachokula sote. Tatizo anamega matonge mawili matatu, anasema ameshiba.

Nami nina mashaka yangu. Juzi nikigeuza godoro lake nilikuta vipande vya nyama vimefungwa kwenye mabaki ya vitambaa ninavyokata nikishona. Nikamuuliza. "Vya paka." Paka gani? Nyumba hii haijawahi kuwa na paka! Tena siku hizi hacheki. Ukimchekesha anaficha uso kwenye mtandio. Nikiingia chumbani ghafla, anafumba mdomo. Kuna kitu ananificha. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika, basi.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nne. Mtu mzima hafichi nyama chini ya godoro bila sababu. Ama anaogopa chakula chako, ama anakuogopa wewe. Ni wewe unayepika, wewe unayepakua, na wewe unayeniandikia kwamba hajambo.

Nimeomba likizo. Wakinipa, nakuja kumchukua.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya muda wote huu kwa sababu kila nikishika kalamu inaandika matusi. Sasa nimepoa kidogo. Mama hajambo, na safari hii ni kweli.

Wiki tatu zilizopita aliamka shavu limevimba kama ameficha donge la uzi. Nikaacha cherehani, nikampeleka kliniki ya meno. Daktari, mama mmoja mfupi, mpole, akamwambia afungue mdomo. Mama akakaza midomo. "Mwambie binti yangu atoke kwanza." Nikatoka. Nikasimama nyuma ya mlango, nikijua huko ndani nashtakiwa.

Daktari akachungulia nje. "Unajua tangu lini mama hawezi kutafuna?"

Ufizi umeharibika, meno manne yanacheza, jipu chini ya gego. Mwaka mzima, mdogo wangu! Alikuwa anasugua meno ya mbele tu, asubuhi, kwa mswaki ambao nywele zake zimelala chali. Yakitoka damu anaacha siku tatu, eti yapumzike. Kumbe bibi yetu aling'olewa meno yote, akaacha kuongea mbele za watu. Mama akaona nikijua tu nitampeleka kwa daktari, na akipelekwa atarudi kibogoyo.

Wameng'oa mawili. Mengine yanaweza kubaki tukiyatunza: mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ule wa kabla ya kulala usikosekane, uzi wa kusafishia katikati ya meno kila siku, na chai ya sukari aache kuinywa kidogo kidogo kutwa nzima. Kisha daktari akaniambia na mimi nifungue mdomo. Ufizi wangu nao unavuja damu.

Mimi ninayeona mshono uliofumuka kutoka ng'ambo ya barabara, sikuona ndani ya mdomo wa mama yangu. Hilo kosa ni langu. Lile uliloniandikia si langu.

Dada yako


15 Mei

Dada yangu,

Sijui hata nianzeje salamu. Nilipomaliza barua yako nilikaa juu ya rundo la mashuka nikalia mpaka msimamizi akaniletea maji.

Nisamehe. Miaka minne sijatia mguu nyumbani. Ilikuwa rahisi kukushuku wewe kuliko kujiuliza mimi niko wapi. Na likizo sikuomba. Niliandika vile ili uogope.

Nimenunua mswaki laini. Siku ya kwanza nilitema damu nikashtuka. Naendelea. Je, Mama anajua nilichokuandikia?

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Tumeamka salama, Mama anakusalimu sana.

Mazoea mapya yana kazi. Wiki za mwanzo alikuwa analowesha mswaki bombani na kuurudisha mahali pake. Nikashuku, nikaunusa: hauna hata harufu ya dawa! Sasa tunasimama wote wawili uani, asubuhi na baada ya chakula cha jioni, midomo imejaa povu, hata kugombana hatuwezi. Uzi umemshinda vidole, kwa hiyo namfanyia mimi. Mwanzo alinikodolea macho kana kwamba mimi ni mwizi. Siku hizi anafungua mdomo mwenyewe na kufumba macho. Daktari amesema ufizi umeanza kukaza.

Barua yako nilikuwa naisoma kimoyomoyo, Mama akauliza mbona nimenuna. Nikamwambia unaomba radhi, kuna kitu umekiharibu.

"Kikubwa?"

"Kinashoneka."

Sikumwambia zaidi, wala sitamwambia. Kinyongo bado ninacho kidogo, sitakudanganya. Lakini omba hiyo likizo kweli. Usije kumchukua mtu, usije kukagua mtu. Kitanda nimeshakitandika.

Dada yako