Mtoto wa Ishirini Aliyeambiwa Aumwe

Mama Verlene mpendwa, nisaidie, usingizi sina, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali usinitaje, mimi ni kocha wa ushangiliaji, ule mchezo wa kuruka, kucheza na kubebana, nafundisha mabinti wa miaka kumi mpaka kumi na mbili kwenye bohari la mabati nyuma ya duka la chakula cha ng'ombe, na watu wa mji huu wanadhani kazi yangu ni kurukaruka na kupiga makofi, kumbe kazi yangu ni hesabu, maana majaji hawaangalii tabasamu wala utepe wa nywele kama wazazi wanavyodhani, majaji wanahesabu vichwa vilivyosimama kwenye mkeka, ukiingiza watoto ishirini na unataka alama za juu za ugumu basi lazima unyanyue minara minne ya watoto kwa pamoja, watatu chini mmoja juu, lakini ukiingiza kumi na tisa minara mitatu inatosha na alama unapewa zile zile, sasa mimi nilikuwa na ishirini, mitatu imara na wa nne unatetemeka kila siku, na mnara ukianguka unakatwa alama, na anayeutetemesha ni mtoto mmoja, nimwite Maylee ingawa si jina lake, ana miaka kumi na moja, hana kosa, mikono tu haina nguvu.

Basi Ijumaa ya wiki ya juzi, kesho yake ndiyo mashindano ya mji wa Waco, nikamwita pembeni nikamwambia, "Mwanangu, unaipenda timu?" Akasema, "Naipenda, kocha." Nikamwambia, "Basi kesho tumbo linakuuma, na hii ni siri yangu na yako." Akaitikia kwa kichwa, na Jumamosi akaja amepakwa rangi ya kumetameta usoni kama wenzake, akakaa jukwaa la watazamaji ameshika tumbo, tukaingia kumi na tisa, hatukukatwa hata nukta, tukashinda, na aliyepiga kelele kuliko wote ni yeye.

Shida ni mama yake, kwa sababu aliamini, mimi nilidhani atampa chai na biskuti yaishe, kumbe kampeleka kliniki, wakamtoa damu, wakampima tumbo, hawakuona kitu, na daktari kasema mtoto anayelalamika tumbo siku kumi mfululizo lazima aangaliwe ndani, na kesho Alhamisi asubuhi wanamlaza usingizi wamwingize kamera kooni, na mtoto hajasema neno, kila siku anashika tumbo ili siri isitoke, jana kanitumia ujumbe, "Kocha usijali, sijamwambia mtu. Na Dallas naweza kuumwa tena kama unataka."

Dallas ni Jumamosi hii, ndiyo mashindano makubwa kuliko yote, nikisema sasa mama yake atanisimamisha mbele ya wazazi wote na timu itavunjika, na nimesikia hiyo kamera haiumi, wanalala tu wanaamka, kwa hiyo naomba ushauri wako, niseme leo au nisubiri Dallas ipite, ni siku tatu tu.

Wako,
Kocha Mwenye Mawazo

*

Kocha, mawazo gani uliyonayo? Mwenye mawazo ni yule mama anayekesha akimtazama binti yake akipumua. Wewe una ratiba.

Nimekaa meza ya majaji miaka kumi na moja kabla ya kuja kukaa na kipaza sauti hiki, na hiyo hesabu yako naijua. Ni kweli, ishirini ni minne, kumi na tisa ni mitatu. Sheria iliwekwa hivyo ili timu ndogo isionewe na timu kubwa. Haikuwekwa ili mtu mzima amshike mtoto bega amwambie augue. Na nikwambie lingine, maana naona umejivika uhodari: alama ulizoziogopa ni chache mno. Mnara mmoja ukiyumba hukatwi kichwa, unakatwa vipande vya alama, na pengine ungeshika nafasi ya pili. Ya pili, kocha! Kwa kuikwepa hiyo ndiyo ukamuuza mtoto wa watu.

Mtoto hana mikono yenye nguvu, unasema. Mikono inafundishwa, au kule bohari unalipwa kwa kupuliza filimbi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwahi kukutana na kocha anayemfanya mtoto afiche uzima.

Halafu unanihadithia eti haiumi, wanalala tu. Lala wewe! Meza wewe hiyo kamera, uje utueleze utamu wake. Mtoto wa miaka kumi na moja anakwenda kulazwa usingizi wa dawa akiwa mzima kabisa, kwa sababu aliahidi, na ahadi yake ameitunza kuliko wewe ulivyomtunza yeye. Ule ujumbe ulipousoma hukuona haya? Mtoto anajitolea kuugua mara ya pili, na wewe badala ya kulia unakaa kuandika barua kuniuliza mimi kuhusu Jumamosi. Nimekasirika, wasikilizaji wangu, na sitaficha.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeikuta mlangoni mwa studio alfajiri ya leo, na nimepiga simu bohari mara tatu tangu saa moja asubuhi, hupokei. Jina lako sijalitaja, na la mtoto silitaji ingawa yeye na mama yake nawajua, lakini bohari la mabati lenye mkeka mji huu ni moja, na kabla ya adhuhuri kuna jirani atakayejumlisha. Kwa hiyo mama asikie kutoka kwako kwanza. Mwambie, "Mwanao haumwi. Nilimwambia mimi adanganye." Usianze na "unajua sheria za alama," usianze na timu. Akikutukana, pokea. Akishamaliza, mwambie apige simu hospitali kufuta miadi ya kesho. Kisha omba uongee na mtoto, umwambie siri ile haikuwa ya kumpa mtoto, na kwamba tangu leo hana siri yoyote ya kukutunzia.

Dallas, kama mama atakubali na binti mwenyewe akitaka, unaingia na ishirini. Minara minne. Mnara ukianguka, uanguke mbele ya majaji na watu wote waone, na wewe ndiye utakayekwenda kumnyanyua mtoto. Kama hawataki tena kukuona, unabaki nyumbani, timu inakwenda na msaidizi wako.

Ukishampigia mama yake, nipigie hapa studio. Naweka nyimbo mbili. Ya pili ikiisha sijakusikia, mama wa mtoto nitampigia mimi.