Meno ya Meneja

Dada mpendwa,

Barua hii ikukute umeamka vizuri, miguu haijavimba na presha imetulia. Huku tupo. Nakula, nalala, na karakana inafunguliwa saa moja asubuhi kama siku zote. Mafundi wangu wawili wanakusalimu. Yule mnene bado anasimulia ulivyonishusha bei ya geti lako mpaka rangi nikainunua mwenyewe.

Umeniuliza kama ununue kijibwa, kwa kuwa umestaafu na nyumba imekuwa kimya. Umesema kwa vile mimi ninaye, na kwa vile ni wewe uliyenibandika jina la Karani tangu nilipokuwa nahesabu vipande vya nyama kabla hatujala, nikupe gharama yake ya kweli, si ile ya muuzaji. Haya, shika.

Bei ya kumnunua ndiyo ndogo kuliko zote, ingawa inaumiza mara moja. Wifi yako alimnunua laki tatu, pesa zake za cherehani. Nikamwambia kwa laki tatu ningemchomelea geti la mlango mmoja, tena lisilokula. Akanijibu kwamba geti halimkimbilii mtu akirudi nyumbani. Basi nikafanya kosa la mtu wa vyuma. Sisi hununua kila kitu kwa kilo, kwa hiyo nikamwinua yule mbwa kwa mkono mmoja, nikamkadiria kilo mbili na nusu, nikasema mwenye uzito huu atakula chakula cha kujaa kiganja tu. Kijibwa hakipimwi hivyo, dada. Chakula chake huuzwa kwenye mfuko mdogo, na kilo ya mfuko mdogo ni karibu mara mbili ya kilo ya mfuko wa mbwa wa ulinzi. Elfu ishirini kila mwezi. Nywele usipozikata hujisokota kama pamba ya godoro la zamani, na kinyozi wake anamzidi wangu kwa bei, wakati kichwa changu ndicho kikubwa. Weka sindano, dawa ya minyoo na ya viroboto. Kwa mwaka andaa laki nne na elfu tisini.

Tulimwita Meneja, kwa sababu huingia karakana, huangalia watu wakifanya kazi, halafu hulala. Mafundi wakimwona walikuwa wanazima grainda na kusimama wima, wanamwamkia na kumuuliza mishahara inatoka lini. Wifi yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nije kwenye meno. Wauzaji hawakuambii kwamba mbwa hawa wadogo wana mdomo mdogo na meno idadi ile ile ya mbwa mkubwa, kwa hiyo yanabanana na kuoza mapema. Wifi yako aliniambia hilo mwaka juzi, akasema daktari wa wanyama anataka kumwona Meneja kila mwezi, kusafisha na kutibu fizi, elfu themanini. Nilipiga kelele, unanijua, lakini nikatoa. Kila mwezi alimbeba kwenye kikapu asubuhi akarudi jioni amechoka, akisema foleni ilikuwa ndefu. Halafu likaja goti. Akasema mbwa wa aina hii magoti huhama mahali pake, akaomba laki mbili na nusu. Meneja alirudi na bandeji mguuni, akakimbia uani kama kawaida yake. Yule fundi mnene akasema hajawahi kuona mtu aliye likizo ya ugonjwa akachapa kazi namna ile.

Mwaka ulipoisha nilijumlisha. Milioni moja na laki saba. Usiku huo mezani nilisema basi. Nilisema mimi nina meno thelathini na mawili na sijawahi kumwona daktari, sembuse huyu panya mwenye cheo, na kwamba sitatoa hata senti moja tena kwa ajili ya mdomo wake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Wifi yako hakugombana. Alisema sawa, Karani, akafuta meza, akauliza kama niongezewe chai.

Tangu hapo hakuomba. Nilifurahi kwamba nimeshinda. Nilipomwambia amekonda, alisema ni kumtembeza Meneja.

Yaliyofuata unayajua, ulikuja kumzika. Daktari wa zamu alituambia ni uvimbe tumboni na umeshasambaa. Wewe ulisema amezimika kama taa, nami nikaitikia. Kila aliyekuja kutoa pole nilimwambia vivyo hivyo, ghafla tu.

Wiki iliyopita fundi mnene alilalamika kwamba Meneja ananuka mdomo kiasi cha kumtoa mtu kazini. Nikanusa, kweli. Nikapandwa na hasira, kwa sababu nimelipa mwaka mzima wa meno. Nikambeba kwenye kikapu kile kile, nikaenda kwa daktari wa wanyama kudai pesa zangu.

Daktari alimjua mbwa kabla hajanijua mimi. Hata sijafungua kinywa, aliniuliza mama anaendeleaje, na kama alimaliza zile dripu za hospitali ya ng'ambo ya barabara. Nilisimama na kikapu changu. Akaendelea, maskini, akidhani nafahamu. Alisema mama alikuwa anamwacha Meneja pale kila mwezi, anavuka barabara kutibiwa, anarudi jioni, anakaa kwenye benchi lao mpaka kizunguzungu kipungue. Hawakumtoza kitu. Siku moja alimwomba msaidizi amfunge mbwa bandeji, na wote walicheka. Aliwahi kuwaambia kwamba mumewe aliuza mashine ya kwanza ya kuchomelea kumtibu baba yake, baba akafa na mashine haikurudi, na kwamba akisikia neno hospitali atauza na hii. Kwa mbwa, alisema, atapiga kelele lakini atatoa. Alipoacha kuja, walidhani amepona.

Nikamuuliza aliacha lini. Akataja mwezi. Ni mwezi ule niliosema basi.

Kisha akafungua mdomo wa Meneja, akaniambia meno haya hayajawahi kusafishwa hata siku moja. Goti liko salama.

Sikulia, dada, na bado sijalia. Nilirudi nikamalizia dirisha la mteja. Usifunge safari kuja, hakuna la kufanya huku. Nimekuandikia wewe tu kwa sababu nilikuitikia uongo mbele ya kaburi, na kwa sababu umeniuliza gharama, na siwezi kukupa hesabu yenye pesa za mtu mwingine ndani.

Meneja atang'olewa meno matatu Alhamisi, elfu tisini. Sikuomba punguzo. Ameanza kulala kwenye kiti cha cherehani, na mimi simshushi.

Kwa hiyo jibu lako ni laki nne na elfu tisini kwa mwaka, meno kando. Zile nyingine zitoe, hazikuwa zake. Mbwa ni rahisi, dada. Mnunue.

Wasalimie majirani zako, na umwambie yule wa ghorofani nitamtengenezea ngazi yake kwa bei ile ile. Ujitunze, na ukiumwa useme.

Mdogo wako,
Karani