Tumbo la Dada Yangu Nakiru

Mjukuu wangu Akai,

Ejok, hujambo? Hapa Lodwar tuko, nyanya yako tu anakohoa. Umeuliza mbona una miaka kumi na sita hujaona damu, na tumbo linakukata kila mwezi.

Dada yangu Nakiru alikuwa hivyo. Mimi nilisoma matumbo ya mbuzi ili kutambua ugonjwa kushinda wazee wote, hata leo hakuna kama mimi. Nikachinja, nikasoma, nikamwambia, "Ni njaa tu. Kunywa maziwa, damu itakuja." Kweli, njaa huchelewesha. Lakini Nakiru alikunywa, na tumbo likavimba. Wasichana wakamcheka, "Mama Nani, utazaa lini?" Akafa.

Baadaye nesi mmoja aliniambia ngozi nyembamba iliziba njia, damu ikajaa ndani. Daktari angeifungua tu.

Nakiru aliniamini mpaka mwisho. Wewe usiniamini. Kesho nenda hospitali hapo Kakuma.

Babu yako