Kiti cha Uhamasishaji

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi, na watoto nibusie wote, hata yule aliyenitapikia begani nilipokuja kwenu. Sisi huku ni wazima. Mama anakula, anasali na anagombana na majirani kama kawaida yake, kwa hiyo ujue afya anayo. Mimi pia sijambo, ila nina kichefuchefu. Usianze kuhesabu miezi, si cha mimba. Ni kinyaa, kaka, na kimenikaa kooni tangu Jumapili.

Umeniuliza zaidi ya mara moja mama anakionaje kiti chake cha magurudumu, nami nikawa nakujibu habari za mvua na za cherehani yangu. Nilifanya hivyo kwa sababu mama alinikataza kusema, na wewe unajua mama akikataza. Leo amenifungulia mdomo mwenyewe.

Ulipoondoka, kazi ya huruma hapa parokiani ilikuwa ya yule mtawa mzee na ndoo yake. Akisikia kuna mgonjwa amelala na vidonda, anakwenda, anamwosha, anarudi zake. Siku hizi mtawa hayupo, kuna Kamati ya Haki na Huruma. Ina fulana zake, ina Mwenyekiti aliyestaafu serikalini akashindwa kukaa bila cheo, na ina katibu tunayemwita Mama Marashi, maana unamnusa kabla hujamwona. Ukutani mwa ukumbi wameandika kwa rangi ya bluu: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Chini ya maandishi hayo kuna lundo la nguo za msaada, na ungeona wanachotoa hao wenye moyo ungeziba pua. Viatu vya mguu mmoja, soksi zilizokauka jasho la watu, chupi, kaka, chupi zenye madoa. Mimi ni fundi nguo, nimeshika matambara ya kila aina, lakini pale nilinawa mikono hadi kwenye viwiko.

Walipomwita mama kupewa kiti, alifurahi mpaka akakosa usingizi. Tangu mgongo umharibikie, unajua, anajikokota sakafuni juu ya gunia. Nilimshonea gauni jipya la kola, nikampaka mafuta, na jirani yetu mwashi akatuazima toroli lake la kubebea mchanga tumpeleke. Tulipofika, Mama Marashi alimtazama mama juu hadi chini, akaniambia pembeni kwamba kwa gauni lile wafadhili hawataelewa. Akaenda kwenye lundo, akachomoa shali lililotoboka, akamfunika nalo. Mama akauliza kama kuna baridi. Akaambiwa atabasamu, lakini asitabasamu sana.

Wakampiga picha, tukashangilia, mimi nikalia machozi ya kweli. Wapiga picha walipoondoka, Mwenyekiti alikuja na karatasi la nailoni mkononi akamwomba mama ashuke. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kile si kiti cha kuchukua nyumbani. Ni kiti cha uhamasishaji. Watu wakiona kiti, watahamasika kutoa viti vingine, na mama ni wa kwanza kwenye foleni. Wakakifunika kisivumbike, wakakirudisha stoo. Mama akarudi nyumbani kwenye toroli. Baada yake kiti hichohicho "amepewa" kinyozi mzee aliyekatwa mguu, na baada ya kinyozi mjane wa kule bondeni, na kila mmoja ameshuka kabla siti haijapata joto. Viti vingine hatujaviona hadi leo. Nilipomuuliza Mwenyekiti, alinijibu kwamba asante ya punda ni mateke.

Nilitaka nikuandikie wiki ileile. Lakini gazeti la parokia lilikuwa limeshakufikia huko, na wewe ukapiga simu kwa jirani ukilia kwa furaha, ukimwambia mama kwamba sasa unaweza kulala. Mama akakujibu kwamba kiti ni kizuri, kinateleza. Alipokata simu aliniambia nikikuharibia usingizi atanilaani. Basi nikameza.

Sasa sikia ya Jumapili. Wafadhili walikuja wenyewe, na kamati ikamwita mama tena kwa sababu, alisema Mama Marashi, uso wake unatoka vizuri. Mimi nilikataa. Mama akasema twende. Wakampandisha kwenye kiti, wakamtupia shali lake la umaskini, halafu Mwenyekiti akasimama na barua mkononi. Kaka, ilikuwa barua yako, ile ya shukrani uliyowaandikia. Hukuniambia kama uliiandika. Aliisoma yote kwa sauti ya kuhubiri: kwamba miaka yote ulikuwa unaona aibu, wewe unatembea huko na mama yako anaburuzika chini, kwamba sasa unajua anajisukuma mwenyewe hadi mlangoni kuota jua la asubuhi, kwamba unawaombea kila usiku. Wafadhili wakatoa leso. Paroko akainamisha kichwa. Mimi nilimtazama Mwenyekiti akifuta macho, macho makavu kabisa, nikahisi matapishi yanapanda. Mama hakulia. Alikuwa amekaza taya kama siku zile alipokuwa akifua mashuka ya hospitali.

Wageni walipotoka kwenda kula kwenye nyumba ya mapadri, Mwenyekiti akaja na nailoni yake. Mama hakushuka. Aliombwa, akabembelezwa, akakumbushwa kwamba yeye ni wa kwanza kwenye foleni. Mwishowe Mwenyekiti akajaribu kuibandua mikono yake kwenye magurudumu. Mikono ile, kaka! Imekamua mashuka miaka mingapi? Alitoa jasho, kidole hakikuachia. Ndipo mama akasema, taratibu tu, kwamba barua iliyosomwa ni ya mwanawe, na imesema kiti anacho. Akasema amezaa watoto wawili, na hajazaa mwongo. Kama mwanawe ameandika kwamba kiti ni chake, basi ni chake, na kuanzia leo mwenye kiti ni yeye. Huyo mwingine atafute jina jingine.

Mwenyekiti akanigeukia mimi, akaniamuru nimshushe mama yangu. Na hapa ndipo ninapoungama kwako kabla hujasikia kwa wengine, maana wanatangaza kwamba kiti kimeibiwa. Hakikuibiwa na kibaka. Nilikisukuma mimi, mama akiwa juu, mchana kweupe, kupitia mlango mkubwa. Shali nililitupa palepale kwenye lundo. Tulipita mbele ya wageni wakiwa na sahani mikononi. Wakadhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa anakuja nyuma yetu mbio, na alipoona wageni wanapiga makofi, naye ikabidi apige. Mama akawapungia mkono. Mimi sikucheka mpaka tulipofika kwa mwashi.

Paroko alikuja jana. Alisema hakujua. Nikamwambia kwamba stoo iko nyuma ya sakristia yake na ufunguo anao yeye. Akaondoka bila kiti. Kamati wao watakuandikia umshawishi mama akirudishe. Wakikuandikia, nakuomba usijibu hata neno. Ukijibu, wataisoma ukumbini.

Msalimie wifi tena. Watoto wasome. Hapa ninapoandika mama yuko mlangoni, kwenye jua, amejisukuma mwenyewe, na gauni lake la kola amelivaa ingawa leo si Jumapili. Hataki usikitike, anasema ulichoandika kilikuwa kimetangulia tu. Na ananiagiza nikwambie kwamba kwenye barua yako ijayo uandike paa letu halivuji.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama